Jerikeni tatu na daftari la madeni

Siku ya mgao wa pesa za msaada hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, duka langu hujaa kabla ya saa tatu asubuhi, na karibu wote wanaoingia hawanunui kitu. Wamekuja kulipa. Mama anafungua fundo la kitenge, anatoa noti zilizokunjwa mara nne, anasema, "Mwanangu, nisomee." Nafungua daftari, nasoma: unga kilo mbili, sabuni robo mche, mafuta ya kupima, chumvi, ndagala (dagaa) kopo moja, unga tena. Anasikiliza kama anayesomewa barua iliyotoka mbali. Nikikosea anajua, hajui kusoma, lakini deni lake analo kichwani mpaka kijiko cha mwisho. Analipa, anafunga kilichobaki, anakwenda duka la pili ambako pia jina lake limeandikwa.

Miaka mingi nilifungua daftari hilo kila mwezi, na siku nilipokaa kuchora jinsi pesa inavyozunguka katika makazi yetu, sikuliweka kwenye mchoro. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kusimulia, pamoja na jerikeni tatu nilizozitoboa na noti 20 nilizozitia alama kama mfugaji anavyotia alama ng'ombe wake.

Mimi ni mtu wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Nilikuwa mwaka wa pili wa uchumi mjini Goma wakati waasi wa M23 walipouteka mji, Novemba 2012. Mwaka uliofuata nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa kuandikishwa hapa wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo tuko Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na sokoni kwetu Kiswahili ndicho kinachouza na kununua. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kusafiri, kwa hiyo hapa hakuna seng'enge wala ukuta. Nilianza na meza ya sabuni na viberiti upande wa New Congo, nikapata chumba chenye mlango wa bati, kisha nikawa wakala wa pesa za simu.

Goma tulikuwa na mwalimu aliyependa hadithi moja kuliko somo lenyewe. Kulikuwa na mtu wa New Zealand, Bill Phillips, aliyezaliwa mwaka 1914, fundi wa umeme, ambaye aliwahi hata kuwinda mamba Australia. Vita vya pili vya dunia vikamkuta, Wajapani wakamfunga Java. Alipotoka alikwenda London kusoma sosholojia, na alama zake hazikuwa za kujivunia. Lakini mwaka 1949, ndani ya gereji moja huko Croydon, alijenga mashine ya kuonyesha uchumi wa nchi nzima kwa maji. Mashine ilimzidi mtu urefu, ina matangi ya plastiki inayoonyesha, mabomba, vali, na pampu iliyotoka kwenye ndege ya vita. Maji yenye rangi yanapanda juu kama mapato, yanashuka. Mengine yanachepuka kwenda kwenye kodi, mengine kwenye akiba, mengine kwenye bidhaa za nje, kisha yanarudi kupitia matumizi ya serikali, mikopo na mauzo ya nje. Ukibana vali ya kodi, unaona kwa macho tangi lipi linakauka. Mwezi Novemba mwaka huohuo aliwaonyesha maprofesa pale London School of Economics, na wale waliokuja kumcheka wakaondoka wakiuliza maswali. Zikajengwa zaidi ya kumi.

Kitu ambacho mwalimu hakutuambia, nikakisoma baadaye kwenye simu nikiwa dukani, ni kwamba rafiki aliyemsaidia Phillips, Walter Newlyn wa Chuo Kikuu cha Leeds, alikuja kufanya kazi Makerere miaka ya 1960. Kampala! Safari ya basi kutoka hapa. Sijui kwa nini jambo hilo lilinigusa hivyo, lakini wiki ileile nilianza kutafuta jerikeni.

Nilipata tatu kuukuu, zile za njano za lita 20. Ya juu niliiandika "Mgao". Ya katikati "Nyumba", maana yake familia zinazopokea. Ya chini "Maduka". Mipira ilikuwa ile myembamba ya dripu (mipya, msinitazame hivyo), na maji niliyatia rangi kwa unga wa juisi, nyekundu, kiasi kwamba nyuki walikuja. Kutoka Maduka nilitoa mpira unaorudi Nyumba, kwa sababu mwenye duka naye anakula, ananyoa, anashonesha. Na kwenye Maduka nilitoboa tundu la msumari upande wa chini. Hilo lilikuwa Mbarara, ambako wenye maduka wote hapa tunakwenda kununua kwa jumla. Kinachotoka hapo hakirudi.

Nikawaita vijana wa likelemba yetu, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, Jumapili mchana. Maji yalitoka Mgao vizuri, yakafika Nyumba, yakafika Maduka, yakaanza kuchuruzika Mbarara, na mpira wa kurudi ukakaa mkavu kabisa. Bila shaka! Maji hayapandi yenyewe. Phillips alikuwa na pampu ya ndege ya vita, mimi nilikuwa na bakuli. Ikabidi kijana mmoja akae pale akichota chini na kumwaga juu, wote wakacheka mpaka wakatoa machozi. Mtoto wa jirani aliyekuwa akitazama akauliza, "Haya ya chini yanakwenda wapi?" Nikamwambia Mbarara. Akauliza, "Na huko Mbarara wanayafanyia nini?" Nikamwambia anyamaze tuendelee.

Nitarudi kwa huyo mtoto.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na niliwaeleza hivi. Shilingi 1,000 inaingia kutoka nje. Kama kila anayeipata anatumia 600 humuhumu na 400 zinatoka, basi ile 1,000 inazaa 600, 600 inazaa 360, 360 inazaa 216, na kuendelea mpaka inakuwa makombo. Ukijumlisha yote unapata 2,500. Elfu moja moja tu ya mgeni imefanya kazi ya elfu mbili na nusu. Lakini kama zinazobaki humu ni 300 tu katika kila 1,000, jumla haifiki hata 1,430. Tofauti yote iko kwenye ukubwa wa tundu. Mimi nilisema letu ni la 400. Niliipata wapi hiyo 400? Kichwani. Nilitaka makazi yetu yaonekane na afya.

Kuna mama anauza ndagala mkabala na duka langu. Ndiye aliyenivua nguo mara ya kwanza. Mwaka 2019 shirika moja lilikuwa linafanya mafunzo ya biashara, wakataka kujua soko letu lina uchumi wa kiasi gani. Nikajitolea. Nilipita kwenye maduka, vibanda na migahawa nikaomba mauzo ya mwezi, nikajumlisha, nikapata zaidi ya milioni 40. Walifurahi, wakaandika. Nikamweleza mama kwa majivuno. Akaendelea kupanga vikopo vyake, kisha akauliza, "Ndagala yangu umeihesabu kwangu?" Ndiyo. "Mwenye mgahawa ananunua kwangu. Umeihesabu na kwake ilipopikwa?" Ndiyo. "Na mimi naichukua kwa yule Mrundi. Na kwake umeihesabu?" Nikakaa kimya. Akasema, "Basi samaki wangu wamezaa."

Alikuwa sahihi kabisa, na mimi nilikuwa nimeketi darasani miaka miwili. Mrundi anamwuzia kopo kwa 3,000, yeye anauzia mgahawa kwa 4,000, mgahawa unapika na kuuza kwa 7,000. Mimi niliandika 14,000. Lakini kilichoongezeka duniani kwa njia ya hizo ndagala ni 7,000: 3,000 za Mrundi, 1,000 ya mama, 3,000 za mgahawa. Ile 14,000 si uongo. Inasema pesa ilibadilisha mikono kiasi gani. Ila haisemi watu walipata kiasi gani, na mimi nilikuwa nimeziuza mbili kama kitu kimoja. Nilirudi kwa wale wa mafunzo kuwaambia wakate namba. Wakanishukuru, na namba ikabaki ileile kwenye karatasi yao.

Baada ya aibu hiyo niliacha kubuni, nikaanza kufuata. Mwezi Agosti 2019, siku ya mgao, nilichukua noti 20 za 5,000, nikaweka nukta ya penseli kwenye pembe ya kila moja, ndogo kiasi cha kufutika kwa kidole chenye mate, kwa sababu sikutaka kuitwa mharibifu wa fedha ya serikali. Nikazitoa kwa wateja waliokuja kutoa pesa za simu. Kisha kila jioni nikapekua droo kama mwizi wa duka langu mwenyewe.

Katika mwezi mmoja zilinirudia saba. Moja nilifanikiwa kufuata njia yake yote, kwa kuuliza tu, maana hapa watu hawaoni shida kukwambia noti wameitoa kwa nani. Nilimpa kijana wa boda. Akamlipa fundi aliyemtengenezea breki. Fundi akampelekea mshonaji kwa ajili ya sare ya shule ya binti yake. Mshonaji alikuwa na deni la nyanya na vitunguu, akalipa. Mwenye nyanya akaja kwangu kununua unga. Siku tatu, malipo manne, shilingi 20,000 za kazi zikafanywa na karatasi ya 5,000 iliyokuwa inazidi kuchakaa. Watu wanne wamemaliza shida zao kwa noti moja. Niliishika mkononi nikaitazama kama ndugu aliyerudi.

Alhamisi nikaenda nayo Mbarara, nikamlipa mwenye duka la jumla. Sikuiona tena.

Nilikuwa kwenye gari la kurudi, nimekalia gunia la sukari, ndipo nilipoelewa. Kinyozi akipokea 1,000, karibu yote inabaki humu: mashine anayo, mkono ni wake, anakula kwa mama fulani. Mshonaji vilevile, ukitoa uzi na kitambaa. Mwenye nyanya analima kando ya ziwa, jembe na mgongo. Lakini mimi, katika kila 1,000 ya mauzo, kama 880 zinakwenda Mbarara kurudisha mzigo. Pesa ilikuwa inakimbia vizuri mpaka inapofika kwenye mlango wangu wa bati. Nilikuwa nimechora tundu kwenye jerikeni ya Maduka na kuandika jina la mji, kumbe tundu lilikuwa na jina la mwenye duka.

Nikajaribu kuliziba. Badala ya unga wa viwandani nikaanza kununua mahindi ya wakulima wa humuhumu, Wakongo na Warundi wenye viwanja vizuri, nikayasagisha kwenye kinu cha hapa. Miezi ya kwanza ilikuwa taabu: mawe madogo, mahindi yasiyokauka, wateja wakisema unga wangu una rangi ya udongo. Nilipoteza magunia mawili kwa ukungu. Lakini wakulima walewale wakaanza kuja dukani, na hilo sikulitegemea kwa wepesi ule: jana nimemlipa, leo ananunua chumvi, sabuni, betri za redio. Kwenye unga, katika kila 1,000, sasa zilikuwa zinabaki humu zaidi ya 700. Kwenye sabuni na sukari, tundu likabaki lilelile. Hakuna anayepika sukari Nakivale.

Hapo nilikuwa na modeli niliyoiamini. Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi, nimeacha jerikeni. Ndipo ikaja Aprili 2020.

Mgao wa pesa ulikuwa shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi. Ukakatwa hadi 22,000, kwa sababu wafadhili hawakutoa vya kutosha. Familia ya watu sita iliyokuwa ikipata 186,000 ikawa inapata 132,000. Nikachukua karatasi yangu: maji ya juu yamepungua kwa kama asilimia 30, basi na mauzo yangu yatapungua kwa asilimia 30, hivyo nipunguze mzigo kwa theluthi. Nikapunguza.

Mwezi ule mauzo hayakupungua hata kidogo. Bidhaa ziliniishia rafu zikiwa tupu na watu wamesimama nje. Nikasema modeli ni ya kipumbavu, watu wana pesa zao za siri. Nikakopa, nikajaza duka. Mwezi wa pili vilevile, unga ulikuwa unatoka. Mwezi wa tatu nikakosa nauli ya mzigo.

Pesa ilikuwa wapi? Fungua daftari. Majina ya mistari mitatu yalikuwa yamefikia ukurasa mzima. Watu hawakupunguza kula kwa sababu mgao umekatwa. Walikuja kwangu, nami nikawaandikia, kwa sababu nawajua, kwa sababu wamelipa miaka yote, kwa sababu mtoto hawezi kuambiwa asubiri wafadhili. Ile asilimia 30 iliyopotea juu ilikuwa imezibwa na mtaji wangu, kimyakimya, kilo moja moja. Mtaji ulipokwisha, yule wa Mbarara naye akakataa kunipa mzigo wa mkopo, nikafunga daftari. Hapo mauzo hayakushuka kwa asilimia 30. Yalishuka karibu nusu, kwa sababu sasa mteja alikuwa amekosa vitu viwili kwa pamoja: sehemu ya mgao, na deni. Na kile kidogo alichopokea kilikuwa cha kulipia madeni ya miezi iliyopita.

Na wakati huohuo karantini ya corona: usafiri wa abiria umesimamishwa, boda haziruhusiwi kubeba watu, kijana wa breki hana kazi, fundi hana kazi, mshonaji hana sare za kushona kwa kuwa shule zimefungwa. Ile njia ya siku tatu niliyoifuata kwa fahari ilikatika kwenye kiungo cha kwanza. Kwenye karatasi yangu kasi ya noti niliiandika kama namba isiyobadilika. Irving Fisher, Mmarekani aliyeandika mlinganyo wa pesa mwaka 1911, kiasi cha pesa mara kasi yake ni sawa na bei mara biashara zote, tulifundishwa kwa mlinganyo wake kwamba unaweza kuiacha kasi itulie ili uone mengine. Pengine New York. Mimi nimeona kasi ikifa katika wiki moja.

Na baba yangu aliiona ikiruka. Alikuwa muuza vitenge Bukavu enzi za Mobutu. Januari 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, wafanyabiashara wakazikataa, mji mkuu ukawaka. Oktoba ya mwaka huo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Baba alisema siku hizo ukiuza kitenge asubuhi, unakimbia kununua maharage kabla ya mchana, kwa sababu jioni zile noti zitanunua nusu. Pesa ilikuwa inazunguka kwa kasi ya ajabu na watu wanazidi kuwa maskini. Mzee mmoja mwenyeji, Mnyankole anayeniletea maziwa, ana yake: mwaka 1987 serikali ya Uganda ilibadilisha shilingi 100 za zamani kwa moja mpya na kukata asilimia 30 juu. "Ndiyo maana akiba yangu," aliniambia akionyesha kilimani kwa fimbo, "inakula majani."

Kwa hiyo kasi si kitu cha kusifia wala kulaani. Hapa pesa inakimbia kwa sababu ya njaa. Kule ilikimbia kwa sababu ya woga. Ukiitazama kwenye karatasi ni namba ileile.

Kilichotuvusha 2020 hakikuwa kwenye modeli yangu yoyote. Kama wakala wa simu ningepaswa kukijua mapema. Wapo ndugu zetu waliopelekwa Marekani, Canada, Australia. Mtu anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama huko, Ijumaa analipwa, Jumamosi simu ya dada yake huku inalia. Nilikuwa nahesabu pesa hizo kama kamisheni yangu, si kama mto. Mwaka 2018, serikali ilipoweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya simu kuanzia Julai, nilinung'unika tu juu ya wateja waliokimbia. Ilipopunguzwa baadaye mwaka uleule kuwa nusu asilimia na kwa kutoa tu, nikasahau. Sikuona kwamba vali ilikuwa imebanwa na kufunguliwa mbele ya macho yangu, Phillips mtupu, na kwamba bomba lenyewe lilikuwa kubwa kiasi cha mtu wa Kampala kulitamani. Katika mwaka wa karantini bomba hilo ndilo lililolipa robo ya daftari langu. Mama wa ndagala alilipiwa deni lote na mpwa wake, nami nikaenda kuchukua mzigo na lori la mizigo, kwa kuwa malori hayakuzuiwa.

Februari 2021 mgao ukashuka tena hadi 19,000. Safari hii sikupunguza mzigo wala kuuongeza. Nilifanya kitu kingine: nililigawa daftari. Upande wa kushoto naandika kama zamani, jina na bidhaa. Upande wa kulia naandika deni hilo litalipwa na bomba gani: mgao, simu ya nje, mavuno, au kazi ya mkono. Mwenye kutegemea mavuno namwandikia mpaka mwezi wa mavuno, si mpaka siku ya mgao. Mwenye kutegemea mgao peke yake, deni lake haliruhusiwi kuvuka nusu ya mgao wa mwezi, na hilo namwambia mwanzoni, uso kwa uso, si siku ambayo amekuja na mtoto mgongoni. Jumla ya madeni yote isizidi theluthi ya mtaji. Mara mbili nimeivunja sheria hiyo, na mara zote mbili nilijua naivunja.

Sasa nikichora, daftari ni tangi. Tena ndilo tangi kubwa kuliko yote, kubwa kuliko droo yangu ya pesa. Linajaa pale mgao unapochelewa na linamwagika siku ya mgao, ndiyo maana ile siku wateja wote wanalipa na hakuna anayenunua. Mwezi mzima sisi tunazungusha ahadi. Shilingi inakuja siku moja kuzifunga, na kufikia Alhamisi imekwenda Mbarara. Ukihesabu noti peke yake utadhani soko letu linaishi siku tano kwa mwezi. Wanafunzi wa chuo waliokuja kutuhoji mwaka mmoja waliandika hivyohivyo, kwamba kuna shughuli wiki ya kwanza na usingizi wiki tatu. Niliwapa chai, nikawafungulia daftari. Mmoja alilipiga picha.

Na yule mtoto. Amekua, yuko sekondari. Swali lake la Mbarara nilichelewa kulijibu kwa miaka. Phillips aliweka tangi la nchi za nje kwenye mashine yake, na maji yaliyokwenda huko yalikuwa na njia ya kurudi. Mimi niliyamwaga chini kwa sababu nilichora mpaka kwenye ukingo wa makazi. Lakini yule Mnyankole wa maziwa analipwa na nani? Na matoke yanayoingia kila asubuhi kwa baiskeli, anayeyalima si mkimbizi. Pesa yangu anaipeleka kujenga nyumba ya bati, na mafundi wake wawili ni vijana wa hapa New Congo. Sukari ninayoinunua Mbarara inalipa mpakiaji, na mpakiaji mmoja pale ni Mkongo aliyetoka kwetu, anamtumia mama yake pesa kwa simu, anakuja kuzitoa kwangu. Yaani tundu lilikuwa linavujia ndani ya jerikeni nyingine. Nilimweleza kijana hayo mwaka jana, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, kwa neno letu la kumwita ndugu mkubwa, "Yaya, mimi niliuliza tu maji yalikokwenda."

Jerikeni mbili za wakati ule zinanyweshea kuku. Ile ya Maduka ilipasuka.

Juzi, siku nne kabla ya mgao, mama wa ndagala alikuja jioni wakati nafunga. Biashara yake imelala, ziwa lina upepo, Mrundi hajaleta. Alitaka unga kilo mbili na mafuta kidogo. Nilifungua ukurasa wake. Upande wa kulia tumeandika "simu ya nje", na mpwa hajatuma tangu mwezi uliopita, amebadilisha kazi. Kwa hiyo amebaki na mgao peke yake, na nusu ameshaivuka. Nilimwonyesha namba. Akazitazama kwa muda, yeye asiyesoma, akaweka kidole juu ya mstari wa mwisho kama anayepima kina.

"Hapa panasema nini?"

"Panasema tumefika, mama."

"Na wewe unasemaje?"

Nikapima kilo mbili kwenye kavera, nikachukua kalamu.